Kuziba tundu dogo kwenye boti ya faiba: mwongozo kwa watu wa Kyela, Mbeya na Nyanda za Juu

Mwera ukianza kuvuma Ziwa Nyasa, kuanzia mwezi wa Mei hivi, simu yangu nayo huanza kuita. Boti imegonga mawe upande wa Ikombe, imepata tundu la kuingia kidole gumba: nipake lami? Resini nimepaka jana mchana, leo asubuhi bado inanata: nimeuziwa feki? Kiraka kimebanduka hata wiki mbili hazijaisha: niongeze tabaka juu yake? Haya nimeyajibu ufukweni Matema, nimewajibu watu wa Mtera na wa Ziwa Rukwa, na kila nikijibu kwa mdomo kuna kitu kinasahaulika. Sasa nayaandika yote mahali pamoja.

Wengi wetu tumeanza na mtumbwi wa mbao, na mbao imetuzoesha mambo ambayo faiba haiyakubali. Mbao ikilowa inavimba, inabana kalafati, na uwazi mdogo unajiziba wenyewe. Faiba haivimbi. Ni nyuzi za kioo zilizogandishwa ndani ya resini, na kiraka chake hakina msumari wala kamba ya kukishikilia. Kinashika kwa kugandana uso kwa uso, basi. Uso ukiwa na unyevu, mafuta ya usipa (dagaa wa ziwa letu) au nta, hata ungemwaga ndoo nzima ya resini haitashika. Nadharia yangu inaishia hapo.

Pima kwanza kama kazi hii ni ya kwako

Mwongozo huu ni wa tundu ambalo, baada ya kukata sehemu zilizokufa, halizidi sentimita 10 kwa upana, na liko ubavuni au chini mbali na mkuku. Chukua sarafu ya shilingi 200, gonga taratibu kuzunguka tundu. Faiba nzima inatoa mlio mkali, mkavu. Iliyoachana tabaka kwa ndani inatoa mlio mzito, kama unagonga kadibodi. Weka alama kwa kalamu pale mlio unapobadilika. Mara nyingi tundu la sentimita 3 lina duara la sentimita 7 lililokufa, na hilo duara ndilo tundu lako halisi.

Usijaribu mwenyewe kama tundu liko kwenye mkuku, kwenye ubao wa nyuma inapofungwa mashine, au kama ukichungulia unaona mbao au povu katikati ya tabaka mbili za faiba. Hapo tafuta fundi aliyekwisha kuunda boti, si wa kuunganisha bampa za magari. Na kama boti inabeba abiria, tengenezo lolote la chini ya mstari wa maji limwonyeshe mkaguzi wa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kabla hujapakia mtu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa boti

Vikusanye vyote. Resini ikishachanganywa haikusubiri umtume mtoto dukani.

- Resini ya poliesta, kilo 1. Muulize muuzaji kama tayari ina kichochea chake ndani, maana zipo zinazouzwa bila hicho, na hizo hazigandi kwa hadina (dawa ya kugandisha) peke yake. Angalia tarehe: resini ya poliesta hukaa kama miezi sita mahali pa baridi, chini ya hapo kwenye joto. Ukifungua kopo ukakuta imeanza kuwa kama uji mzito wenye mabonge, irudishe.
- Hadina yake, chupa ndogo. Kwenye chupa huandikwa MEKP.
- Mkeka wa faiba (ule wa nyuzi fupi zilizotawanyika) wa gramu 450 kwa mita ya mraba. Nusu mita inakutosha na inabaki.
- Jelikoti (ile ngozi ngumu ya nje ya boti) ya rangi ya boti yako, robo kilo.
- Asetoni lita 1, na vitambaa safi vya pamba. Khanga kuukuu iliyofuliwa inafaa. Kitambaa cha gereji hakifai hata kikiwa kimefuliwa.
- Grinda yenye diski ya msasa namba 40 na ya 80. Kama huna umeme, msasa uliozungushiwa kipande cha mbao unafanya kazi ileile. Utatoka jasho tu.
- Msasa wa karatasi namba 80, 120, 240, na wa maji 400 na 800.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu, na mabomba ya sindano ya ml 5 kutoka duka la dawa.
- Brashi mbili za bei ndogo zenye mpini wa mbao, na rola ndogo ya chuma yenye mistari kama utaipata.
- Vikopo vya plastiki, karatasi ya nailoni, selotepu pana ya kufungia maboksi, kadibodi.
- Miwani ya kufunika macho yote, glavu, barakoa ya vumbi na, kama unaweza, barakoa ya mvuke. Shati la mikono mirefu.

Maduka ya rangi za magari Mbeya mjini ndiyo ya kuanzia. Ukikosa mkeka au jelikoti utaagiza Dar es Salaam. Ukiagiza, usiufiche mzigo kwenye begi ndani ya basi la abiria. Mvuke wa resini na asetoni unashika moto, na hadina iliyovuja kwenye nguo au maranda inaweza kuwasha moto yenyewe. Mwambie mwenye gari ni nini, na hadina isafiri mbali na vingine.

Hadina ikikurukia jichoni inaweza kukupofusha kabisa. Vaa miwani kila unapofungua ile chupa, hata kama ni tone moja. Weka ndoo ya maji safi karibu. Ikiingia, osha jicho hapohapo bila kusita, dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali. Na kama uliuziwa kichochea kando (chupa ya rangi ya zambarau yenye neno kobalti), kisikutane na hadina moja kwa moja hata siku moja, kwa sababu vikikutana vinalipuka.

Hatua za kazi

1. Itoe boti majini, igeuze juu chini, iweke kivulini. Chini ya mwembe ni pazuri, ila tandika turubai juu, maana majani na umande vinaangukia kazi. Osha kwa sabuni ya unga na maji, sugua hasa ndani, mahali usipa unapomwagwa. Suuza mpaka maji yasionyeshe upinde wa mafuta.

2. Ikaushe, na uhakikishe imekauka. Hapa ndipo watu wa Kyela tunaposhindwa. Mvua zetu zinatoka Novemba hadi Mei, hewa ina maji, na boti iliyokaa ziwani miezi mitatu na tundu imekwisha kunywa kupitia kingo za tundu. Kuiona kavu kwa macho hakutoshi. Bandika kipande cha nailoni safi juu ya tundu na sehemu inayolizunguka, ziba pande zote kwa selotepu, acha usiku kucha hadi jua la asubuhi lipige. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, faiba bado inatoa maji. Subiri siku mbili, rudia. Nimeona boti ikihitaji siku kumi mwezi wa Aprili. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, fanya kazi hii kati ya Juni na Oktoba.

3. Futa kwa asetoni kabla ya msasa, si baada tu. Ukianza na msasa juu ya nta au mafuta, unayasukuma ndani ya mikwaruzo. Kitambaa kimoja chenye asetoni kifute kuelekea upande mmoja, cha pili kikavu kifuate nyuma yake. Geuza kitambaa kila mara. Petroli haifai, wala mafuta ya taa. Vyote vinaacha utando.

4. Kata kilichokufa. Kwa grinda au msumeno mdogo, ondoa kila palipotoa mlio wa kadibodi. Fanya tundu liwe la mviringo au yai. Kona kali ndiyo inayozaa ufa baadaye. Inauma kuona tundu dogo linakuwa kubwa kwa mkono wako mwenyewe, lakini kuacha nyuzi zilizokufa ni kujenga juu ya mchanga.

5. Chonga mteremko. Ukisoma hatua moja tu ya mwongozo huu, basi iwe hii. Kiraka hakichomekwi kwenye tundu kama kizibo cha chupa. Kingo za tundu zichongwe kwa nje ziteremke polepole, ili kiraka kipate uwanja mpana wa kushika. Kipimo ni 12 kwa 1: boti yenye unene wa milimita 5 inahitaji mteremko wa milimita 60, yaani sentimita 6, kuzunguka tundu zima. Kwa hiyo tundu lenye sentimita 3 baada ya kukata linakuwa na uwanja wa sentimita 15 kutoka ukingo hadi ukingo. Likikamilika linafanana na kisahani cha kikombe cha chai. Ukiona linafanana na kikombe chenyewe, hujamaliza.

Chora kwanza duara la nje kwa kalamu. Anza kuchonga karibu na tundu, panua kwenda nje, grinda ikiwa imelala. Ukiona miviringo ya tabaka za faiba inajitokeza mmoja ndani ya mwingine kama mistari ya kisiki kilichokatwa, uko sawa. Ukingo wa ndani kabisa ubaki mwembamba kama wembe. Jelikoti ya zamani iondoke yote ndani ya duara, na sentimita 3 zaidi nje yake.

Vumbi hili ni kioo. Vaa barakoa, funga kola na mikono ya shati, watoto wakae mbali, na usimame upande upepo unakotokea. Ukimaliza, oga maji ya baridi kwanza. Maji ya moto yanaifanya ngozi iwashe zaidi.

6. Futa vumbi, kisha asetoni tena, kisha usiguse kwa mkono. Jasho la kiganja ni mafuta. Subiri dakika kumi asetoni iruke.

7. Weka kizuizi kwa ndani. Kata kadibodi kubwa kuliko tundu, ifunike yote kwa selotepu pana upande utakaogusa resini. Resini haishiki kwenye selotepu hiyo. Mwenzako aingie chini ya boti, aibandike kwa ndani kufuata mkunjo wa ubavu, kisha aiegemeze kwa kijiti ili isishuke.

Kama ndani hapafikiki kwa sababu ya sakafu au boksi la hewa, tengeneza kipande chembamba cha mikeka miwili juu ya nailoni, kiache kigande, kikate umbo la yai linaloweza kupenya tundu kwa kiubavu. Toboa vitundu viwili katikati, pitisha waya, kwaruza uso wake kwa msasa, paka resini nzito kwenye kingo, kiingize ndani na ukivute kwa waya kikae. Funga waya kwenye kijiti juu ya tundu. Ikikauka, kata waya, endelea.

8. Andaa mikeka yote kabla ya kuchanganya. Mkeka mmoja wa gramu 450 ukilowa vizuri unakupa karibu milimita 1. Boti ya milimita 5 inataka mikeka mitano. Kwa mfano wetu: sentimita 15, 12, 9, 6 na 4. Kingo zichanwe kwa mkono, zisikatwe kwa mkasi. Nyuzi zinazoning'inia huyeyukia kwenye faiba ya zamani bila kuacha ngazi. Panga kwa ukubwa juu ya nailoni safi.

9. Pima resini na hadina kwa joto la mahali ulipo. Kazi nzima ya mfano huu inakula gramu 150 hivi za resini, lakini usichanganye zote pamoja. Changanya gramu 100, baadaye nyingine kadiri unavyohitaji.

Kwa kila gramu 100 za resini:
- hewa ikiwa nyuzijoto 28 na zaidi: hadina ml 1
- kati ya 20 na 27: ml 1.5
- kati ya 15 na 19: ml 2
- chini ya 15: usifanye kazi

Maelekezo ya kwenye kopo yakitofautiana na haya, fuata ya kopo. Usishuke chini ya ml 1 na usivuke 3 kwa sababu yoyote. Hadina kidogo mno na resini haitagandika hata mwakani. Nyingi mno na inaganda haraka, lakini inakuwa dhaifu, inavunjika kama biskuti.

Watu wa huku tunahitaji kulielewa hili kuliko watu wa pwani, kwa sababu ukitoka Mbeya mjini, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hadi Kyela ziwani umeteremka zaidi ya mita 1,000. Siku hiyohiyo moja Matema watu wako kifua wazi na Uyole wamejifunga mablanketi. Mwaka mmoja nilitengeneza boti iliyopandishwa kwa lori, uani Mbeya mjini, mwezi wa Julai, saa mbili asubuhi, nikatia hadina ileile niliyozoea Matema. Siku ya tatu kiraka kilikuwa bado kama ugali. Nilikikwangua chote, nikarudia kuanzia hatua ya tano. Tangu siku hiyo nina kipimajoto kwenye boksi la vifaa na sianzi bila kukisoma.

Mahali pa baridi, anza saa nne asubuhi na umalize kabla ya saa nane, ili kiraka kigande kabla ubaridi wa jioni haujashuka. Kopo la resini lililofungwa, kabla ya kutia hadina, unaweza kulikalisha kwenye maji ya uvuguvugu dakika 20. Usisogeze jiko la mkaa hata kwa kupashia hewa. Mvuke wa resini unawaka. Mahali pa joto ni kinyume: fanya asubuhi na mapema, umande ukishakauka, kivulini. Jua likipiga resini mbichi linaikurupusha na linaipa mapovu.

Koroga dakika moja na nusu kamili kwa kijiti, taratibu, ukikwangua pembeni na chini ya kikopo. Una dakika 15 hivi, pungufu kama kuna joto kali.

10. Laza mikeka, mkubwa kwanza. Mafundi wengine huanza na mdogo. Mimi naanza na mkubwa, kwa sababu huo ndio unaogusa mteremko wote kwa kipande kimoja, na baadaye msasa wangu hautaukata.

Paka resini kwenye uwanja mzima. Laza mkeka wa kwanza juu yake, kisha uuloweshe kwa kudonoa kwa ncha ya brashi: toka-toka-toka, wima. Usipake kama unapaka rangi ukutani, utazivuta nyuzi zote zikae mafungu. Mkeka mweupe unabadilika kuwa kama kioo chenye ukungu. Palipo peupe pana njaa ya resini, panapotiririka pameshiba kupita kiasi. Zungusha rola kutoka katikati kwenda nje kufukuza hewa. Laza wa pili, wa tatu.

Simama hapo kwanza. Tabaka nyingi kwa mpigo zinachemka zenyewe kwa ndani, zinajikunja na kupasuka. Acha mikeka mitatu igande na ipoe, ikiwa bado inanata kidogo changanya resini mpya, malizia miwili. Mnato huo una faida, unasaidia tabaka zishikane. Kazi ikilala zaidi ya siku moja, au kama resini yako ina nta, piga msasa namba 80 kabla ya kuendelea.

11. Punguza kingo wakati zimeiva nusu. Baada ya dakika 30 hadi saa moja kiraka kinakuwa kama mpira wa kandambili. Hapo kisu kikali kinaondoa nyuzi zilizochomoza bila shida. Ukichelewa, ni kazi ya grinda.

12. Malizia kwa ndani kesho yake. Toa kadibodi, piga msasa sehemu ya ndani sentimita 5 kuzunguka tundu, asetoni, kisha mikeka miwili mipana. Watu wengi wanairuka hatua hii kwa kuwa nje tayari panaonekana pazuri. Kwa boti inayopigwa na mawimbi ya mwera kila alasiri, mikeka hii miwili ndiyo inayozuia kiraka kuchezacheza.

13. Sawazisha. Msasa 80 kisha 120, mpaka mkono ukipita haujui pa zamani na pa mpya. Palipo na vishimo jaza puti iliyochanganywa na resini. Puti ya kunyooshea bodi za magari nyingi zinakunywa maji. Juu ya mstari wa maji sawa, chini yake usiitumie.

14. Jelikoti. Changanya na hadina ml 2 kwa gramu 100, paka mara mbili, jumla unene wa nusu milimita. Jelikoti ya kawaida haikauki uso wake ukiguswa na hewa, kwa hiyo baada ya tabaka ya mwisho kuanza kukaza, ifunike kwa nailoni laini bila mikunjo, au tumia ile yenye nta. Ikiganda, msasa 240, kisha wa maji 400 na 800.

15. Subiri, kisha jaribu. Kyela siku tatu hadi nne, Mbeya wiki nzima. Kabla ya kuirudisha ziwani, igeuze, mimina ndoo mbili za maji ndani juu ya kiraka, kisha nje papake majivu makavu ya kuni. Tone lolote, hata dogo kama jasho, litaweka doa jeusi kwenye majivu. Acha saa mbili.

Mambo yakienda kombo

*Siku ya pili bado inanata.* Bonyeza kwa ukucha. Kama chini ni pagumu na unata ni wa juu tu, hakuna tatizo: resini isiyo na nta ndivyo ilivyo. Futa kwa asetoni, piga msasa. Kama ukucha unazama, hadina ilikuwa kidogo, au baridi, au unyevu. Funika kwa bati jeusi juani siku nzima. Ikibaki laini, kwangua yote. Usipake hadina tupu juu yake na usiongeze tabaka mpya juu ya laini. Hiyo ndiyo inayobanduka wiki ya pili.

*Resini imechemka kwenye kikopo na kutoa moshi.* Hadina ilizidi, au uliacha nyingi imekaa kwenye chombo kirefu. Ikimbize nje, iweke juu ya mchanga mbali na asetoni, usivute ule moshi. Safari nyingine tumia chombo kipana cha kina kifupi.

*Mabaka meupe ndani ya kiraka.* Nyuzi hazikunywa. Baka la ukubwa wa punje ya mchele liache. Likizidi sarafu, lichonge, jaza upya.

*Kiraka kimetoka kizima.* Usikitupe, kigeuze usome mgongo wake. Ukiwa laini unang'aa, hukupiga msasa wa kutosha au ulipiga juu ya nta. Ukiwa na utando wa maziwa, palikuwa na maji. Ukiwa umeng'oa nyuzi za boti, basi kiraka kilishika vizuri na boti yenyewe ndiyo iliyochoka. Rudi kwenye sarafu, gonga eneo pana zaidi.

*Kiraka kizima, maji bado yanaingia.* Maji huingia hapa yakatokea kule. Kagua kizibo cha kutolea maji, bolti za mashine, na nyufa nyembamba kama unywele kuelekea omo.

*Tundu limetokea katikati ya ziwa.* Funga kitambaa kwenye kipande cha mbao kilichochongwa ncha, kigongomee kwa ndani, keti upande wa pili ili tundu liinuke, rudi ufukweni. Usimimine gundi.

*Nilishapaka lami, au silikoni.* Lami ikwangue ikiwa imepoa na ngumu, futa kwa mafuta ya taa, osha kwa sabuni mara mbili, kausha, kisha asetoni, kisha grinda. Hapa tu ndipo mafuta ya taa yanaruhusiwa, na ndiyo maana sabuni inafuata. Silikoni ni mbaya zaidi, kwa kuwa utando wake hauonekani na hauyeyuki kwa asetoni. Ikate kwa wembe, tupa wembe, kisha chonga mteremko wako sentimita 3 zaidi ya pale ilipofika, kwa diski mpya. Mwagia maji uone: yakitandaa kama karatasi, pako safi, yakijikusanya matone kama juu ya jani la mgomba, endelea kuchonga.